Hatua Thelathini Hadi Guniani

Jumatatu, 9 Juni

Kumi: mitatu.

Juzi mishale saba iliingia guniani. Leo mitatu. Upinde ule ule, mishale ile ile, gunia lile lile la maganda ya mahindi. Nimepima hatua upya, nikidhani labda nilikosea. Thelathini. Sikukosea.

Mishale inaanguka. Yote chini. Miwili imepita chini ya gunia kabisa ikaingia kwenye mabua. Mmoja nimeutafuta mpaka jua limezama, nimeukuta umesimama wima kama unanicheka.

Nimekula ugali wa mchana bila kupasha. Hasira.

Jumatano, 11 Juni

Kumi: miwili. Aibu.

Ngoja niandike kwa nini najitesa, maana leo hata mimi nimejiuliza.

Ukoo wetu mpaka umeupasua katikati. Nusu tuko huku Momba, nusu wako Nakonde, Zambia. Kila mwaka baada ya mavuno tunakutana. Watu wanakula, wanaombea marehemu, halafu kila upande unatoa mtu mmoja. Mishale mitano, hatua thelathini, kibuyu kikavu kinaning'inizwa kwenye mti. Upande unaoshinda unakaa na upinde wa ukoo. Mwenye upinde anapiga nao, mgeni anakuja na wake.

Babu alikaa nao miaka tisa. Bibi alifariki mwaka juzi, babu akamfuata mwaka jana, mkutano haukufanyika. Mwaka huu upo. Tarehe 12 mwezi wa saba, hapa hapa kwa babu.

Wakaulizana kwenye simu nani apige upande wetu. Mmoja anaendesha lori, mmoja yuko chuo, mmoja akasema mgongo. Mama akasema si Eliya yupo pale analinda nyumba, apige yeye. Ndivyo nilivyochaguliwa. Kwa sababu nipo.

Nikikosa, upinde unavuka mpaka. Na hapa nitabaki na nini? Nyumba ya vyumba vitatu, mahindi, popo kwenye dari. Najua ni mti na ngozi tu. Ila kwa siku nzima ndicho kitu pekee ninachokishika kikanijibu.

Siku thelathini na moja zimebaki.

Ijumaa, 13 Juni

Kumi: miwili tena. Nane chini.

Hakuna aliyenifundisha. Babu alipokuwa hai mimi nilikuwa Tunduma nasoma, nikija likizo nakula nalala. Nilivyojua umuhimu wa kumuuliza, yuko kaburini. Kwa hiyo nimejifunza kwenye simu. Bando nimemaliza mangapi. Video zote za Wazungu, pinde zao zina magurudumu na darubini, mtu amevaa glovu kama daktari. Nimechukua ninachoweza. Kusimama ubavu. Kuvuta mpaka shavuni. Kutokaza shingo. Na kuutundika upinde ukiwa na kamba yake, maana wale hawavui kamba hata siku moja.

Hilo la mwisho limenipa raha. Kuuvalisha kamba upinde wa babu ni kazi ya kufa mtu. Mgumu kinoma. Mara ya kwanza nilijaribu peke yangu ukaniponyoka ukanipiga kidevuni, nina kovu. Siku hizi namsubiri Osia wa bodaboda apite. Mimi napinda, yeye anapachika kitanzi. Ukishavaa umevaa. Naufungua tu nikienda Tunduma, nauchomeka juu ya dari wezi wasiuone, na ukiwa umejikunja haupiti.

Kesho naenda. Mama anataka mahindi.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi. Tunduma ni kelele. Malori yamepanga foleni mpaka sijui wapi, wachenji wa pesa wanakukimbilia na kwacha kama umeita. Mama yuko kibandani kwake anauza mchele, nusu Kiswahili nusu Kibemba, wateja wamemzunguka. Akanitazama juu mpaka chini.

"Umekonda. Unakula nini huko, mishale?"

Wakacheka wote, hata mteja Mzambia ambaye sidhani kama alielewa.

Amenipikia nyama. Nimelala kwenye sakafu na mdogo wangu Neema, amenipiga mateke usiku kucha. Nimelala vizuri kuliko wiki nzima.

Halafu nimerudi huku. Nilivyofungua mlango nikasema hodi. Nyumba yangu mwenyewe. Nimejisikia mjinga.

Osia amenisaidia kuvalisha kamba. "Wewe na huu mti mnafunga ndoa lini? Mi niwe mshenga." Nikamwambia akalinde pikipiki yake.

Jumatatu, 16 Juni

Haiwezekani.

Kumi: mitatu. Na yote iliyokosa imepita JUU. Juu! Mmoja umeruka gunia, umeruka mabua, umeingia shamba la Mama Furaha. Jirani huyu ni mjane, shamba lake limepakana na letu, na mdomo wake haujawahi kupumzika. Nimemkuta ameushika.

"Eliya, mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

"Samahani mama. Umeteleza."

"Umeteleza hatua mia moja?"

Wiki nzima nimejifunza kulenga juu ya gunia ili uanguke ndani. Leo unaenda pale pale ninapolenga. Nani anacheza na mimi?

Jumanne, 17 Juni

NANE! Kumi: nane!

Nimeshusha lengo katikati ya duara la mkaa nililochora guniani, basi. Tap, tap, tap. Ile sauti ya kuingia kwenye maganda, jamani. Nilipiga kelele. Hakuna mtu, nikapiga tena.

Nimegundua tatizo: nilikuwa nabana pumzi. Leo nimeachia pumzi kwanza ndiyo nikaachia kamba. Imekwisha hiyo. Nakonde waje hata kesho.

Alhamisi, 19 Juni

Mitano. Pumzi naachia vizuri kabisa.

Ijumaa, 20 Juni

Mitatu. Chini.

Siyo pumzi. Ni kiwiko. Naona kiwiko cha kulia kinashuka. Nimekifunga na kitambaa kwenye bega. Nimeonekana kama ng'ombe aliyefungwa. Mishale ikaanguka vile vile.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani nimekaa benchi la mwisho. Watu wanasalimiana kwa familia, mimi nasalimiwa kwa marehemu. "Wewe si mjukuu wa yule mzee?" Ndiyo. "Alikuwa hakosi yule." Najua. Hamna anayeuliza jina.

Nimerudi nimepiga kumi. Mmoja. MMOJA.

Nikautupa upinde chini. Halafu nikaona aibu, nikauokota, nikaufuta vumbi, nikamwomba radhi babu kwa sauti. Kama hasira zako ni kwamba mimi ndiye niliyechaguliwa, babu, waambie wao.

Jumanne, 24 Juni

Nimeacha chai. Labda mikono inatetemeka kwa chai.

Kumi: miwili na kichwa kinauma.

Jumatano, 25 Juni

Mama Furaha amekuja kuomba moto. Akanitazama nikipiga mitatu. Yote chini.

"Unaua panya?"

Nikachomoa mwingine. Akasimama kidogo, akasema, taratibu safari hii, "Babu yako alikuwa anapiga anacheka. Wewe unapiga umenuna."

Nikamwambia babu alikuwa na sababu ya kucheka. Akaenda na moto wake. Nilitaka abaki, sijui kwa nini niliongea vile. Ndiyo mtu pekee niliyeongea naye tangu Jumapili.

Jumapili, 29 Juni

Jana na juzi nilikuwa Tunduma. Osia amenipachikia kamba leo mchana.

Kumi: minne, sita imepita juu. Nikashusha lengo. Kumi nyingine: nane.

Jumatatu, 30 Juni

Sita.

Jumatano, 2 Julai

Mitatu. Chini.

Nimekaa na hili daftari saa nzima badala ya kwenda shamba. Nimesoma tangu mwanzo. Na nimeona!

Kila nikitoka Tunduma mishale inaruka. Kila nikikaa hapa siku tatu nne inaanguka. Kila mara! Imeandikwa hapa kwa mkono wangu. Tarehe 16 juu. Tarehe 20 chini. Tarehe 29 juu. Leo chini. Siyo pumzi, siyo kiwiko, siyo babu. Ni Tunduma!

Ni chakula. Nyama ya mama. Hapa nakula ugali na maharage nanyong'onyea bila kujua. Au ni kulala na watu. Mtu akilala na watu anaamka na nguvu, mimi nimehisi kabisa. Nikikaa huku peke yangu mkono unakufa polepole.

Daah. Mimi ni kichwa. Kwa hiyo mpango: Alhamisi ya tarehe 10 naenda Tunduma, nakula, nalala na watu siku mbili, Jumamosi asubuhi nafika hapa napiga nikiwa wa moto.

Nimemwambia Osia. Amesema, "Kwa hiyo we unatumia mama kama chaji."

Ndiyo. Kwani kuna ubaya?

Ijumaa, 4 Julai

Baba mdogo amepiga simu kutoka Nakonde. Yeye ni mdogo wake marehemu baba, ndiye mkubwa wa upande ule. Wanakuja watu kumi na wanne. Mpigaji wao ni mwanae, Kelvin, rika langu. Nilimwona mara moja tukiwa wadogo, alinichapa mieleka.

"Tutaanza saa nne kamili, mwanangu. Mvua inyeshe, jua liwake."

"Sawa baba mdogo. Shikamoo." Nilisahau kumwamkia mwanzoni, nikaweka mwishoni. Akacheka.

Kumi: miwili. Sijali. Najua dawa.

Jumanne, 8 Julai

Sijapiga. Natunza mkono.

Siku ndefu. Nimepukuchua mahindi nikaimba nyimbo zote ninazozijua mpaka nikaanza kuimba matangazo ya redio. Nimepiga simu kwa rafiki yangu wa shule aliyeko Mlowo, anamnunulia tajiri wake kahawa na mazao. Akasema niko bize kaka nitakucheki. Najua hatanicheki.

Nikishinda watu watajua jina langu. Kanisani wataacha kuuliza mimi ni mjukuu wa nani. Hilo tu nataka. Na upinde ubaki.

Alhamisi, 10 Julai

Tunduma. Mama amenishangaa. Shangazi zangu wameshafika kule kwa babu leo, wanasafisha uwanja, wanapika pombe ya ulezi, na mimi nimekuja mjini.

"Badala ya kupasua kuni kule umekuja kulala hapa?"

"Mama, nahitaji nyama."

Akaniwekea mkono kwenye paji la uso aone kama nina homa. Halafu akanunua nyama.

Jumapili, 13 Julai

Jana sikuandika. Nilikuwa siwezi. Leo naandika yote halafu sitaki kuyasoma tena.

Tumefika jana saa mbili asubuhi, mimi na mama, tumepakiana mshikaki kwenye pikipiki ya Osia. Uwanja umejaa watu wa upande wetu. Kwa babu palikuwa na moshi, watoto, mbuzi anachunwa, sauti kila kona. Sijawahi kupaona hivyo. Nilisimama kidogo pale njiani nikiangalia tu.

Saa tatu nikaushusha upinde darini, Osia akapachika kitanzi, akaondoka na abiria. Nikaenda nyuma ya nyumba kujaribu. Mishale mitatu. Yote mitatu ndani ya duara la mkaa, imegusana! Nikasema basi, nisiharibu. Nikarudi uwanjani nikasimama na upinde mkononi umevaa, mishale kiunoni. Nilitaka wanikute tayari.

Saa nne ikafika. Hamna mtu.

Saa nne na nusu. Jua limekaza. Shangazi mkubwa akasema, wameogopa hao. Watu wakacheka, mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Saa tano. Mama ananipigia kelele nikae kivulini, nikakataa. Saa tano na nusu ndiyo tukasikia magari.

Baba mdogo anashuka anatabasamu, anaangalia saa yake. "Mnaona? Saa nne na nusu tu, na mpakani wametuchelewesha!"

Saa nne yao. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, mtoto wa Tunduma mwenye umri wa miaka minne anajua. Mama anauza mchele kwa saa mbili tofauti kila siku. Na mimi sikuuliza saa nne ya wapi. Nilijua mkutano uko kwetu, kwa hiyo saa ni ya kwetu. Yeye alijua yeye ndiye anasema, kwa hiyo saa ni ya kwake.

Haya. Nikadhani tutapiga pale pale. Wapi. Salamu, mulishani, mulishani, kila mtu na kila mtu. Maombi kaburini kwa babu na bibi. Maombi marefu. Chakula. Upinde niliuegesha ukutani juani, umevaa, kila dakika naugeukia. Tulikuja kuitwa saa nane.

Kelvin alianza. Upinde wake mpya, mwembamba. Alikuja nao umenyooka kama fimbo. Dada yake Precious akashika ncha, yeye akapinda kwa goti, dada akapachika kitanzi, hata maongezi yao hawakuyakatisha. Walikuwa wanabishana nani kamaliza soda. Akapiga mitano. Mitatu ikakigonga kibuyu. Vigelegele vya Kizambia vina sauti nyingine, vinapanda juu.

Mimi nikasimama. Mkono fresh. Tumbo fresh. Sikutetemeka, naapa.

Wa kwanza ukaanguka chini ya kibuyu. Chini! Nimetoka kula nyama mimi, nimelala na watu! Nikapandisha lengo kidogo. Wa pili: ko! Umegonga. Wa tatu: ko! Watu wa kwetu wakaanza kuimba jina langu. Jina langu, si la babu. Eliya, Eliya. Nikasikia raha mpaka kwenye magoti.

Wa nne ukaanguka tena.

Wa tano nikavuta mpaka shavu likauma. Nikalenga juu, siyo juu sana, sijui. Ukapita chini ya kibuyu karibu kabisa. Kibuyu kikacheza kwa upepo wa mshale. Kikazunguka mara mbili. Halafu kikatulia.

Miwili kwa mitatu.

Mama aliinama kwenye sufuria kama anatafuta kitu. Kelvin akaja akanipa mkono. "Awe, hapana kaka, ulikuwa pale pale." Hakunicheka. Ningependa angenicheka.

Baba mdogo akauchukua upinde. Akapitisha kidole kwenye mti, akakunja uso.

"Huu umevaa tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Saa tatu ya wapi?"

Watu wote wakaangua kicheko, huku na huku, hata mama. Mimi sikucheka.

"Na nyumbani unautunzaje?"

Nikamwambia. Unavaa wiki nzima. Naufungua nikienda Tunduma tu.

Akamwita Kelvin, wakaupinda pamoja, wakavua kamba. Upinde haukunyooka. Ulibaki umeinama kidogo katikati.

"Mwanangu. Upinde ukilala umevaa unaamka mzee. Unachoka. Ukiupumzisha siku mbili unarudi na nguvu, ukiuvisha tena wiki unachoka tena. Mkono wako hauna kosa lolote. Huu mti ulikuwa unakuchezea."

Tarehe zote zikapita kichwani. 16 juu. 20 chini. 29 juu. Siyo nyama. Siyo kulala na watu. Nilipokuwa Tunduma, upinde ulikuwa darini umelala.

"Ila mbona unauacha umevaa?"

"Siwezi kuuvalisha peke yangu."

"Hakuna anayeweza. Huu ni wa watu wawili. Babu yako alikuwa anapinda, bibi yako anapachika. Asubuhi na jioni, siku zote."

"Mbona hamkuniambia?" Nilipaza sauti. Watu wakageuka. "Mbona hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia?"

"Tulidhani unajua. Si unaishi kwa babu?"

Hapo ndipo nilipotoka nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikaa kwenye mabua. Nililia, basi, nimeandika. Watu wamejaa uwanja mzima, siku ya kwanza tangu nihamie hapa, na mimi nimekaa nyuma na gunia.

Wameondoka saa kumi na moja. Upinde umekwenda umelala kwenye mapaja ya Precious.

Jumatatu, 14 Julai

Shangazi wameondoka. Mama ameondoka. Ameniachia nyama iliyokaushwa na hajasema neno kuhusu mashindano. Pikipiki ilipokunja kona nikasikia kimya kinarudi, kama maji yanavyorudi kwenye shimo.

Jumatano, 16 Julai

Nina hasira na babu. Miaka tisa unakaa na kitu halafu huandiki hata kwenye ukuta. Nina hasira na bibi pia. Nina hasira na wale Wazungu wa magurudumu.

Saa kumi jioni miguu imenipeleka uwanjani yenyewe. Nimesimama pale nilipochimba alama kwa kisigino. Mikono sikujua niiweke wapi. Nikaiweka mfukoni.

Siku zile zote nilikuwa nasubiri Osia apite ili nishikiwe ncha. Mama Furaha yuko hatua mia. Sikuwahi kumwita. Nilisema ni mwanamke, atajuaje upinde. Na bibi alikuwa nani?

Ijumaa, 18 Julai

Kelvin ametuma ujumbe. Upinde wameulaza kwenye kitanda chao cha wageni, kivulini, baba yake anasema mpaka mwezi wa tisa usiguswe. Anauliza nilikuwa nalenga wapi ule wa tano. Nimemwandikia. Akajibu angelenga pale pale.

Nimeusoma mara tatu nne hivi.

Jumamosi, 19 Julai

Baridi asubuhi. Nimemaliza kupukuchua. Lile gunia la kulengea nimelifungua, maganda nimewapa ng'ombe wa jirani wa chini, gunia nimelishona matundu, nimejaza mahindi. Limejaa mpaka mdomoni.

Mnunuzi anapita barabarani saa sita. Siku zote nabeba debe moja moja, natembea mara sita kwenda na kurudi. Nimesimama pembeni ya baiskeli yangu nikaliangalia gunia; peke yangu silipandishi.

Mama Furaha alikuwa anapita na kuni, mzigo ameuweka chini anapumzika. Akaniita nimtwishe. Nikamtwisha. Akashukuru, akaanza kwenda, shingo imenyooka.

Amefika kwenye mgomba wa kwanza. Wa pili.

Nikamwita.

Nilimwita kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayezama, akageuka na mzigo wote kichwani.

"Nini tena?"

"Hili gunia, mama. Ukifika nyumbani ukatua, naomba uje unishikie upande mmoja."

Alitua kuni zake pale pale njiani. Akarudi anafunga khanga kiunoni.